Mwaka Nilipokuwa Sauti ya Byamungu

Silas alipofika kwenye arobaini ya Mzee Ramazani alisalimia watu kwa safu, mkono kwa mkono, kama inavyotakiwa, na nilipoona amebakiza watu wachache kunifikia niliweka chini sahani yangu ya pilau nikafuta vidole. Nilidhani ataniruka. Hakuniruka. Alinipa mkono mkavu, akaushika wangu muda mrefu kuliko alivyoshika ya wengine, akasema kwa sauti ambayo safu nzima iliisikia: "Bado uko unasema, Bahati? Ao balishakuzimia mikro?" Wazee waliotujua walitazama chini. Vijana walicheka wakidhani ni utani wa watu wa rika moja. Kisha akavuta kiti, akakiweka mbele yangu badala ya kando, akaketi kama askari anayemlinda mfungwa. Silas alikuwa mwalimu wa Kiingereza huko mtaani Keshero hadi alipostaafu. Mimi nimeuza vipuri vya pikipiki maisha yangu yote. Tangu tulipoachana tumekaa mji mmoja, vita vikija na kuondoka, volkano ikimwagika hadi katikati ya mitaa, na katika muda huo wote hatukuwahi kula mahali pamoja. Ilibidi afe mtu aliyetupa kazi sisi wawili tulipokuwa vijana ndipo tukalishwe chini ya turubai moja.

Nyuma yetu wajukuu wa marehemu walikuwa wameegemea ukuta na simu moja mkononi, wakigombana. Ilikuwa habari ya sinema ndefu ya nyota na vyombo vya angani, ile inayotoka sehemu baada ya sehemu, na sehemu ya mwisho ilikuwa imewaudhi. "Mi sitaiangalia tena," mmoja alisema. "Mutu alipigania nyota nzima, leo anakuwa muoga? Bamemuaribu." Mwenzake akajibu: "Habakumuaribu. Amezeeka tu." "Kuzeeka haibadilishe roho ya mutu." "Ya babu yako haikubadilika?" "Babu hakukuwaka akteri." Akteri ndivyo tunavyomwita shujaa wa sinema kwetu, yule ambaye watu wameingia kumtazama na ambaye hatakiwi kufa. Silas aliwasikiliza bila kuniondolea macho. Halafu akawaambia: "Muulize huyu papa. Ye njo alikuwaka sauti ya akteri mu Majengo muzima. Atawaambia vile akteri anaaribikaka." Vijana waligeuka kunitazama. Nilisema pilau ni nzuri, Mungu amrehemu marehemu, na nikachukua tena sahani yangu.

Sina siri ya kufichua hapa. Nilichofanya kinajulikana na kila mtu wa mtaa wa Majengo mwenye umri wangu, na wengi walikuwemo ndani. Ninauandika mwaka ule kwa sababu swali la wale vijana ndilo lililoutafuna, kama akteri anaweza kubaki yule yule toka kaseti ya kwanza hadi ya mwisho, na mimi nililijibu vibaya mbele ya watu, kwa sauti ya kukodi.

Nyumba ya video ya Mzee Ramazani ilikuwa ya mbao zilizopakwa oili chafu ya gari ili mchwa wasizile, imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano ambayo hakuna aliyejisumbua kuyasawazisha, kwa hiyo mabenchi yote yaliinama upande mmoja na watu wa mwisho wa benchi walikuwa wakiteleza polepole kuelekea ukutani. Mbele palikuwa na televisheni juu ya meza ndefu, na chini yake pazia la kitambaa chekundu lililoficha waya. Jenereta ilikuwa nje, imefunikwa gunia lenye maji ili isipige kelele, na bado ilipiga. Joto la ndani lilikuwa la watu, si la hewa. Ukiingia ulisikia jasho, karanga, na samaki wadogo wa ziwani, sambaza, ambao akina mama waliwakaanga mlangoni. Upande wa kushoto wa televisheni kulikuwa na kiti kimoja chenye mto. Kilikuwa cha mtafsiri. Sinema zilikuja kwa Kiingereza, watu walisema Kiswahili, na mwenye kiti kile ndiye aliyesema kwa niaba ya wote waliokuwa ndani ya televisheni: wanaume, wanawake, wafalme, hata mbwa kama kulikuwa na mbwa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, Kifaransa changu kilikuwa safi, sauti yangu ilikuwa nzito kuliko mwili wangu, na Mzee Ramazani alinipa kiti. Hakuniuliza habari ya Kiingereza. Ningemjibu kwamba kinanitosha kusalimia.

Kaseti za ile hadithi ndefu zililetwa na madereva wa Kampala, moja moja, jalada limechanika na jina halisomeki. Watu wakaiita Ya Mbinguni. Ilikuwa na mwanaume mrefu mwenye kovu shavuni aliyeendesha chombo cha biashara kati ya nyota na nyota, na mkononi alivaa bangili ya mama yake. Akiifinya, alisikia sauti za wafu, na mawe yaliinuka kutoka ardhini. Adui yake alikuwa Malkia mwenye uso mweupe kama unga, aliyenyonya mwanga wa nyota kama mtu anavyonyonya muwa. Rafiki yake alikuwa na jicho moja, nasi tukamwita Chongo. Mwanaume mrefu nilimpa jina Byamungu, jina la watu wa kwetu, na ndani ya wiki chache hakuna aliyekumbuka kwamba jina hilo lilitoka kinywani mwangu. Kiingereza chake sikukielewa. Nilitazama midomo, nilitazama macho, nikajaza. Katika kaseti ya kwanza chombo kinaungua, Chongo amelala ndani, na Byamungu anaingia motoni na kumtoa kwa kwapa. Anasema maneno mafupi. Mimi nilisema: "Mwenzangu haachwi." Ukumbi mzima ulisimama. Kuanzia siku ile, kila tulipoirudia kaseti, watu walisema nami maneno hayo, mabenchi yakitikisika, na akina mama wa sambaza waliingiza vichwa mlangoni ili wasikose.

Kulikuwa na desturi nyingine katika kazi hii, nami nilikuwa fundi wake. Akteri alitakiwa kuwajua watu waliokaa mbele yake. Byamungu akishuka kwenye nyota yenye matope, anatazama huku na huku, nami nasema: "Hapa ni kubaya kuliko barabara ya Kibumba wakati wa mvua." Mtu akichelewa kuingia, nasubiri Byamungu ageuze uso upande wa mlango, nasema: "Papa Kalume, umechelewa, mama alikufungia?" Ilihitaji jicho na subira, ukikosea kidogo, midomo imefunga na mzaha umekufa. Watu walivaa vizuri ili Byamungu awaone. Wanawake walikasirika ikiwa Jumapili imepita bila kutajwa. Leo nikifikiri nadhani hapo ndipo ubaya ulipokuwa umelala, katika desturi hiyo nzuri, kwa sababu mtu anayeweza kukusalimia kutoka ndani ya televisheni anaweza pia kufanya mengine.

Silas alishuka kutoka Kibumba juu ya lori la kabichi. Kwao walikuwa wakulima, lakini mjomba wake alimsomesha Uganda, na Kiingereza chake kilikuwa cha kweli, cha kusoma vitabu. Aliingia Jumapili moja kaseti ya kwanza ilipokuwa ikirudiwa, akaketi mbele, na motoni, wakati ukumbi wote uliposimama kusema maneno yangu, yeye alicheka peke yake. Nilimngoja mlangoni nikiwa tayari kupigana. "Unacheka nini?" Akasema: "Hasemi vile." "Anasema nini?" "Anasema: wewe uko na funguo." "Funguo gani?" "Ya chombo ingine ya kukimbilia. Chongo njo alikuwa nazo. Bila Chongo, Byamungu yako asingetoka pale. Hakuokoa rafiki. Aliokoa funguo." Nikamwambia ni bongo, uwongo mtupu. "Basi rudisha kaseti," alisema. Tuliirudisha, watu wakiwa wamekwisha kutoka, na katika mkono wa Chongo niliona kitu kinang'aa ambacho nilikuwa nimekitazama mara nyingi bila kukiona. Nilimchukia papo hapo. Wiki iliyofuata nilimwomba akae kando yangu.

Ndivyo tulivyofanya kazi miezi mingi. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya kiti changu, akiniambia sikioni maana ya maneno, nami niliyavisha nguo na kuyatoa kwenye mikro, kipaza sauti chetu. Watu waliona mtu mmoja akisema. Tulipanga chumba Keshero, kitanda kimoja, babula moja, jiko la makaa, dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani. Tulikula maharagi na viazi kutoka kwao, na tulipokula tuligombana. Sikumbuki mlo mmoja wa amani. Mimi nilisema mtu akishaingia motoni ameshaingia, sababu haina maana. Yeye alisema sababu ndiyo mtu. Mimi nilisema akteri ni akteri. Hawezi kuwa na roho moja kaseti ya kwanza na roho nyingine kaseti inayofuata, mwandishi anayefanya hivyo ametuibia. "Akteri ni mutu mwenye kamera iko inamufuata," Silas alijibu. "Basi. Ikimuacha, anakuwa kama wewe." "Kama mimi vipi?" "Mwenye kujaza." Nilimrushia kiazi. Alikiokota, akakipuliza, akakila, akaendelea. Alikuwa na kawaida ya kunyoosha kijiko akisema, na nilikichukia kile kijiko. Aliniambia kwamba watu wa Majengo hawampendi Byamungu, wanajipenda wao wenyewe, na mimi ni kioo chao cha kujitazamia. Nilimwambia kwamba yeye hapendi mtu yeyote. Majirani waligonga ukuta.

Kaseti ya tatu ilifika Ijumaa, na baada ya swala Mzee Ramazani alituita nyumbani kwake tuitazame kwanza. Sebule yake ilikuwa na viti vyekundu vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, kila kitambaa na maua yake, na saa ya ukutani yenye picha ya Makka. Mkewe, Mama Zena, alituletea bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, akabaki amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Katika kaseti hiyo Byamungu ana ndevu nyeupe na anakaa peke yake kwenye nyota ya chumvi, ndani ya kibanda chenye mlango wa chuma. Chongo anakimbia juu ya ile chumvi, askari wa Malkia wako nyuma yake, anafika mlangoni anagonga. Byamungu yuko ndani. Anaweka paji la uso kwenye mlango. Anasema maneno machache. Hafungui. Chongo anauawa pale nje, na sisi tunatazama mlango kutoka ndani, hatuoni kitu, tunasikia tu. Hakuna aliyekuwa akila tena. "Anasema nini pale?" Mzee Ramazani aliuliza. Silas alijibu: "Anasema: niko naogopa." "Anasema mara ngapi?" "Mara moja." "Basi ni rahisi kutoa," alisema Mzee Ramazani, akaosha mikono.

Mama Zena alisema: "Mumuache aogope. Mi nilijua tangu kaseti ya kwanza. Kila nyumba anaingia, anatafuta kwanza mulango ya kutokea." Mumewe akamwambia: "Mama, wewe unapikaka, hautafsiri." "Napika, na macho niko nayo." Mzee Ramazani hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mfanyabiashara, baba yake alitoka Maniema akiuza chumvi na mafuta, naye alijua mteja anatakiwa kuondoka na uso gani. "Batu bakitoka kwangu bamenuna, habarudi," alisema. "Bahati, utengeneze." Silas akasema kutengeneza ni kudanganya. "Na vyombo vyenye kuruka kwa nyota, hivyo ni kweli?" Mzee alimuuliza. Nilikuwa tayari na jibu langu. Nilisema yule wa kibandani si Byamungu. Ni kiumbe wa Malkia aliyevaa ngozi yake. Byamungu wa kweli amefungwa mahali pengine. "Na kaseti ya ine ikikuja?" Silas aliuliza. Nikasema tutaona. Alisimama na sombe yake haijaisha, akamshukuru Mama Zena, akaniambia: "Sitakupa hata neno moja." Nilimjibu kwamba niliifanya kazi hii kabla yake. Na hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo sababu nilikuwa na hasira. Nikisema Byamungu ameogopa, watu wangeuliza yale maneno ya motoni yalitoka wapi, na yalitoka kwangu. Nilijiambia ninatetea heshima ya akteri. Nilikuwa natetea kiti chenye mto.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa chini mbele ya televisheni. Silas alikuja, hakukaa kwenye kigoda chake. Alisimama katikati ya mabenchi, mikono kifuani. Kaseti ilianza. Nilijaza kama nilivyojaza zamani, nikaona bado ninaweza, na nikafurahi. Ndevu nyeupe zilipotokea watu walinung'unika, nami nikawatuliza: huyu si yeye, subirini, tazameni macho yake, ni macho ya Malkia. Wakasema kumbe. Chongo alikimbia, akafika, akagonga. Yule mtu akaweka paji la uso kwenye mlango, midomo ikafunguka, nami nikasema kwa sauti nyembamba ya hila: "Ingia ufe, mupumbavu, mimi si ndugu yako." Na Silas, kutoka katikati ya ukumbi, akasema kwa sauti kubwa lakini bila kupiga kelele: "Bongo. Anasema niko naogopa. Ni Byamungu mwenyewe. Na hata ile ya kwanza, Bahati hakusikia kitu. Hajuake Kiingereza. Amewadanganya mwaka muzima."

Nilikuwa nimefunga macho bila kujua. Nilipoyafungua, kaseti ilikuwa imefika mahali ambapo wanaonyesha Byamungu wa zamani, kijana, katika kumbukumbu ya Chongo anayekufa. Uso ule wa kovu ulijaza televisheni, ukageuka polepole kutazama upande wa kulia, upande ambao Silas alikuwa amesimama. Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa. Nikasema, kwa ile sauti yake nzito ambayo watu waliipenda: "Nani huyo wa kabichi za Kibumba amesimama mbele ya mama zangu? Huyo ni mupelelezi wa Malkia. Bandugu zangu ba Majengo, mumutoe."

Watu walicheka kwanza. Nataka hilo lijulikane, walicheka, na kama ningecheka nao lingeishia hapo. Sikucheka. Nilirudia: "Mumutoe." Akteri alikuwa amesema. Vijana wa mbele waliinuka, wakamshika shingoni, wakampitisha juu ya mabenchi, na mtu akafunga mlango ili mwanga usiingie. Tulimsikia nje. Mbao zilikuwa nyembamba. Alisema jina langu, si kwa kuomba, alilisema kama mtu anayemwita mwenzake aje kushika upande wa pili wa meza. Kisha akaugonga ubao, au walimgongesha nao. Mimi nilikuwa na mikro mkononi, na sinema ilikuwa inaendelea, na niliongeza sauti. Nilisema maneno ya wote hadi mwisho. Nilipotoka, alikuwa amekwisha kubebwa. Taya lilivunjika, na hadi leo anasema upande mmoja wa mdomo. Nilipofika Keshero chumbani, nusu yake ya vitu haikuwemo. Alikuwa ameniachia babula.

Nimekuwa na miaka mingi ya kufikiri habari ya Byamungu wa ule mlango wa chuma. Alimfungia rafiki yake kwa woga, na woga ni kitu ambacho mtu anaweza kukielewa. Mimi nilifunga kwa ajili ya kupigiwa makofi. Mimi niliyesema kwa midomo yake kwamba mwenzake haachwi nilimfanya awaamuru watu wamtupe nje rafiki yangu, na hakuna mwandishi wa Ulaya aliyewahi kumharibu akteri kiasi hicho. Kaseti ya nne ilikuja kabla mwaka haujaisha. Byamungu anapiga magoti juu ya kaburi la Chongo, analia, bangili mkononi, na mtoto mdogo angeelewa anacholilia. Lakini nilikuwa nimewaambia watu kwamba hakuwa yeye. Nilijaribu kueleza. Mtu mmoja nyuma alisema, bila hasira, "Nyamaza tuangalie," na wengine wakamuunga mkono, na waliitazama hadi mwisho kwa Kiingereza wasichokijua. Mzee Ramazani alitafuta mtafsiri mwingine. Hakuniambia neno baya. Alikipeleka tu kile kiti kwa mwingine.

Hayo yote yalikuwa kati yetu pale kwenye arobaini, pamoja na sahani mbili za pilau. Vijana walikuwa bado wanaliuliza lile swali lao, na Silas bado ananitazama. Niliona kwamba nikiondoka bila kusema, nitaondoka hivyo hadi kaburini, kwa sababu hakuna mzee mwingine ambaye angetukutanisha kwa kufa. Nikamwambia: "Silas, ulikuwa na haki. Byamungu alikuwa muoga tangu mwanzo. Na mimi vile vile. Nilikuwa mutu mubaya tangu mwanzo, haukuniona tu. Unisamehe."

"Hapana," alisema. Nilidhani anakataa kusamehe tu, nikaitika kwa kichwa. "Hapana, usijirahisishie. Ile filme nimeiangalia tena, nimeifundishia hata bana ku masomo. Funguo zilikuwa kwa mukono ya Chongo, na mukono ilikuwa inje ya moto. Byamungu angezikamata na kukimbia. Aliingia. Aliingia kabisa. Kisha siku ingine alifunga mulango. Ni mutu moja, na hakuna mwenye alimuaribu." Aliipangusa midomo upande wake usiofunga vizuri. "Unakumbuka malaria yangu? Keshero."

Sikukumbuka.

"Ile mara nilikuwa nakufa. Ilikuwa mvua, hakukuwa motokari. Ulinibeba mugongo toka Keshero mpaka hapa kwa Mzee, Majengo, juu ya mawe. Ili nisilale, ulikuwa unasema kama Malkia, unanitukana njia yote na ile sauti ya mwanamuke. Nilikuwa nacheka na nilikuwa nakufa." Hakuwa anacheka sasa. "Ungekuwa mubaya tangu mwanzo, Bahati, mi ningekula pilau yangu kimya na kurudi kwangu. Mutu mubaya, nani anamukumbukaka? Mimi nachukia ule mwenye alinibeba. Njo maana siwezi kukusamehe. Ukija kuniambia ule hakukuwaka, unanipiga tena."

Alisimama. Kijana mwenye simu akamuuliza, kwa adabu, "Prof, sasa akteri anabadilikaka ao hapana?" Silas aliita pikipiki, akapanda, akaenda zake. Aliondoka na hasira yake yote, wala sina haki ya kuiombea ipungue.

Nilibaki pale. Kwa miaka yote hii nilijiita mtu mbaya, na ndani ya neno hilo nilikuwa nimepata mahali pa kukaa, kama mtu anavyozoea kiti kibovu. Nilijaribu kuiona ile mvua. Njia ya Keshero naiona, mawe yake nayaona, lakini mgongoni mwangu simwoni mtu. Nikaingia ndani ya nyumba, nikapita koridoni hadi kwenye chumba ambamo Mama Zena yuko edani, na kama desturi inavyotaka nikabaki upande wangu wa pazia. Nilimpa pole tena. Kisha nikamuuliza kama anakumbuka Silas akiletwa hapa, mgonjwa, wakati wa mvua.

"Nakumbuka," alisema. Sauti yake imekuwa ndogo. "Mulilowana bote. Nilikupa kitenge yangu ujifunike. Ulikuwa unalia kupita mugonjwa mwenyewe."

"Una hakika ni mimi, Mama?"

Nyuma ya pazia nikasikia tasbihi ikisimama.

"Ni wewe," alisema. "Unataka akuwe nani?"